Printa ya waifai ikigoma, usikimbilie kuifuta

Printa iko pale pale juu ya meza, taa yake ya buluu inawaka, karatasi zimejaa, wino upo. Kompyuta nayo inafungua tovuti bila kusuasua. Lakini ukiiambia ichape, inakujibu kwamba printa iko "Offline", yaani haipatikani. Jana usiku ilichapa vizuri tu, na hakuna aliyeigusa.

Hapo wengi wetu hukimbilia dawa moja: kuifuta printa kwenye kompyuta na kuisakinisha upya. Nimefanya hivyo mara nyingi kuliko ninavyopenda kukiri. Ubaya wa dawa hiyo ni kwamba kuna siku inakubali. Printa inarudi, unafurahi, na baada ya wiki mbili mchezo ni ule ule. Ulichofanya, bila mwenyewe kujua, ni kuipa kompyuta anwani mpya ya printa. Anwani ikibadilika tena, mnarudi mlipoanzia.

Mwongozo huu unapita njia nyingine. Waraka unaotoka kwenye kompyuta kwenda kwenye printa ya waifai unapita mikono mitatu: kompyuta, ruta, printa. Ruta ndiye tarishi. Kwa hiyo kinachotakiwa ni kujua uzi umekatika wapi: kati ya printa na ruta, kati ya ruta na kompyuta, au haujakatika popote ila kompyuta inapiga hodi nyumba ambayo printa imeshahama. Kila moja ina tiba yake, na tiba ya moja haiponyi nyingine. Fuata hatua kwa mpangilio, hata ile inayoonekana ya kitoto.

Hatua ya 1: Hakikisha printa yenyewe ni nzima

Kama ina skana, weka karatasi yoyote yenye maandishi kwenye kioo na ubonyeze kitufe cha kunakili. Kama haina, chapa ukurasa wa majaribio kutoka kwenye menyu yake. Karatasi ikitoka safi, printa haina ugonjwa na unaweza kuendelea. Isipotoka, achana na mambo ya mtandao kwanza: tafuta karatasi iliyokwama, mfuniko ambao haujafungwa vizuri, au katriji iliyoisha. Kuna printa za wino zinazokataa kuchapa hata herufi nyeusi tupu kwa sababu tu rangi moja imekwisha. Ni kero, lakini waifai haihusiki.

Hatua ya 2: Zima vyote, kisha washa kwa zamu

Kila mtu anajua kuzima na kuwasha. Wanachokosea wengi ni zamu.

Zima printa. Zima ruta kwa kuchomoa waya wake wa umeme, subiri nusu dakika, kisha uirudishe. Sasa kaa mkono shavuni mpaka taa za ruta zitulie, jambo linaloweza kuchukua dakika mbili au tatu. Ndipo uwashe printa, na usubiri taa yake ya waifai iache kupepesa. Kompyuta iwe ya mwisho. Printa ikiwaka kabla ya ruta haijawa tayari, itautafuta mtandao, itaukosa, na huenda ikakata tamaa au ikajipangia anwani yake yenyewe isiyofaa kitu.

Kwenye Windows chagua kuwasha upya, yaani Restart, usichague Shut down. Windows za siku hizi zikizimwa kwa Shut down huhifadhi sehemu ya hali yake ili kesho ziwake haraka, na lililokwama linaweza kuamka nalo likiwa vile vile. Kuibana kompyuta kifuniko hakuhesabiki kabisa.

Ikikubali, usiondoke. Ruka mpaka hatua ya 7, la sivyo utaonana na tatizo hili tena.

Hatua ya 3: Iulize printa iko wapi

Kama una muda wa hatua moja tu, fanya hii. Karibu kila printa ya waifai inaweza kuchapa au kuonyesha ukurasa wa hali ya mtandao. Yenye skrini, ingia kwenye menyu ya mtandao. Isiyo na skrini, huwa kuna vitufe vya kubonyeza kwa pamoja au kushikilia kwa sekunde kadhaa, mara nyingi kile chenye alama ya antena pamoja na kingine. Kijitabu chake kitakuambia ni vipi.

Karatasi hiyo itakuja na mistari mingi ya kutisha. Wewe tafuta mitatu: jina la mtandao, ambalo huandikwa SSID, anwani ya IP, ambayo ni namba ya nyumba ya printa kwenye mtandao, na anwani ya MAC, ambayo ni namba ya kifaa chenyewe, yenye herufi na tarakimu 12 zilizopangwa mbilimbili, mfano 00:1A:2B:3C:4D:5E. Ya mwisho itunze, tutaihitaji.

Anza na jina. Lilinganishe herufi kwa herufi na jina la waifai ambayo kompyuta imeunganishwa nayo sasa hivi. Ukiona jina la ruta mliyoitupa miezi sita iliyopita, umeshampata mchawi. Ukiona jina linaloanza na DIRECT, umesoma mtandao mdogo ambao printa inautengeneza yenyewe kwa ajili ya simu kuungana nayo moja kwa moja. Huo si mtandao wa nyumbani, tafuta mstari mwingine. Na kama kompyuta ndiyo iliyoungana na huo wa DIRECT, iondoe huko.

Sasa anwani ya IP. Ikiwa ni 0.0.0.0, printa haiko kwenye mtandao wowote. Ikiwa inaanza na 192.168 au 10, imepewa na ruta na mambo ni mazuri kwa upande huo. Ikianza na 169.254, printa iliomba anwani, haikujibiwa, ikajipa moja ya kubuni.

Hii ya 169.254 ndiyo inayowapumbaza watu, kwa sababu kwa macho inafanana na anwani halali. Mjomba wangu alinipigia simu siku moja akiwa amepandwa na hasira.

"Mjomba, nisomee hiyo anwani iliyoandikwa kwenye karatasi."

"Moja sita tisa, nukta, mbili tano nne..."

"Basi, usiendelee. Printa haijafika kwenye ruta."

"Haijafika vipi, na taa inawaka?"

Taa ilikuwa inawaka kweli. Kwenye printa yake taa ile ilimaanisha tu kwamba waifai imewashwa, haikumaanisha imekubaliwa. Kwenye nyingine nyingi, taa inayopepesa inatafuta mtandao na taa iliyotulia imeupata. Usiiamini taa kuliko karatasi.

Mwisho, tazama anwani ya kompyuta. Kwenye Windows andika cmd kwenye kisanduku cha kutafutia, fungua lile dirisha jeusi, andika ipconfig, bonyeza Enter, na usome mstari wa IPv4. Kwenye Mac iko ndani ya mipangilio ya Wi-Fi, ukifungua maelezo ya mtandao ulioungana nao. Kwa mitandao mingi ya nyumbani, namba tatu za kwanza lazima zifanane. Printa ikiwa 192.168.1.37 na kompyuta 192.168.1.22, ziko mtaa mmoja, nenda hatua ya 5. Moja ikiwa 192.168.1 na nyingine 192.168.0, kila moja iko mtaa wake. Nenda hatua ya 5 pia, kuna kisa changu huko. Printa isiyo na anwani ya maana inaendelea na hatua inayofuata.

Hatua ya 4: Printa haijafika kwenye ruta

Sababu ya kwanza ya kuangalia ni masafa. Ruta nyingi hurusha waifai ya aina mbili, GHz 2.4 na GHz 5. Printa nyingi za nyumbani, hasa za bei ya chini na zile zenye umri, zinasikia ile ya 2.4 tu. Ukiona ruta yako ina majina mawili na moja linaishia na 5G, printa isiyoliona jina hilo si mbovu. Iunganishe na lile jina jingine. Kompyuta inaweza kubaki kwenye GHz 5 bila taabu, maana ruta inaziunganisha pande zote mbili kama mtandao mmoja. Kama ruta yako imeunganisha masafa yote chini ya jina moja na printa inababaika, ingia kwenye mipangilio ya ruta (namna ya kuingia iko hatua ya 7) uyatenganishe, angalau kwa ajili ya siku ya kuiunganisha.

Ya pili ni nywila. Herufi kubwa na ndogo si kitu kimoja, na kuandika nywila kwenye kiskrini cha printa chenye upana wa vidole viwili ni adhabu. Andika taratibu, hakikisha kila herufi kabla ya kwenda nyingine. Sifuri na herufi O zimeshawapotezea watu jioni nzima.

Mmebadilisha ruta? Kuna njia ambayo ningetamani kila fundi wa intaneti aifuate: ipe ruta mpya jina lile lile na nywila ile ile ya ruta ya zamani. Printa, simu, televisheni, vyote vitarudi vyenyewe kama vile hakuna kilichotokea.

Ya tatu inazidi kuonekana kwenye ruta mpya, nayo ni aina ya ulinzi. Ruta iliyowekwa kwenye WPA3 pekee itazikataa printa zinazojua WPA2 tu, na printa haitakuambia sababu. Itasema imeshindwa kuungana, basi. Kwenye mipangilio ya ruta chagua ule mchanganyiko wa WPA2 na WPA3. Usirudi nyuma hadi WEP hata printa ikikuomba kwa machozi. Ulinzi huo ulishavunjwa zamani.

Kama ruta ina kitufe cha WPS, kinaweza kukuepusha na kuandika nywila: washa utafutaji wa WPS kwenye printa, kisha ubonyeze kitufe cha ruta ndani ya dakika mbili. Muda ukipita unaanza upya. Kama kitufe hakipo, au ulinzi wa ruta ni WPA3 tupu, njia hiyo haipo, rudi kwenye nywila.

Umbali nao una lake. Antena ya printa huwa dhaifu kuliko ya simu, kwa hiyo simu kuonyesha mistari mitatu pale mezani hakuithibitishii printa kitu. Usibahatishe: ibebe printa uiweke karibu na ruta, chumba kimoja, na ujaribu. Ikiungana hapo na kukataa kule, tatizo ni mawimbi. Ukuta wa zege, kabati la chuma, jokofu, vyote vinameza mawimbi. Oveni ya maikrowevu ikiwa inafanya kazi inapiga kelele kwenye masafa yale yale ya 2.4. Kama majirani wana waifai nyingi, jaribu kuiweka ruta kwenye chaneli ya 1, 6 au 11. Hizo tatu hazigongani. Chaneli ya 12 na ya 13 ziepuke, maana kuna printa zisizoziona kabisa.

Hatua ya 5: Vyote viko kwenye mtandao, lakini havionani

Rudi kwenye lile dirisha jeusi, au Terminal kama ni Mac, andika ping kisha nafasi kisha anwani ya printa:

ping 192.168.1.37

Ukipata mistari ya namna hii, "Reply from 192.168.1.37: bytes=32 time=4ms", printa inasikia na inajibu. Nenda hatua ya 6. Ukipata "Request timed out", hakuna aliyejibu.

Kuna jibu la tatu, nalo ni mtego: "Reply from 192.168.1.22: Destination host unreachable". Linaanza na Reply, na mtu mwenye haraka anashangilia. Angalia namba vizuri. Hiyo 192.168.1.22 ni kompyuta yako mwenyewe, inajijibu kwamba imeitafuta printa na kuikosa. (Kwenye Mac, ping haikomi mpaka ushike Control na C.)

Jaribio la pili, ambalo mimi nalipenda zaidi: fungua kivinjari na uandike anwani ya printa pale unapoandika anwani za tovuti. Printa nyingi zina ukurasa wao wa ndani, unaoonyesha wino na mipangilio. Usishtuke kivinjari kikikuonya kwamba ukurasa si salama. Printa hujitolea cheti yenyewe, ndiyo maana. Ukurasa ukifunguka, mtandao hauna kosa.

Usipofunguka na ping isijibiwe, pitia haya.

Mtandao wa wageni. Ruta nyingi huuwekea ukuta: kila aliye humo anapata intaneti lakini hamwoni mwenzake. Kompyuta au printa ikiwa huko, hazitaonana milele. Ziondoe. Ruta nyingine zina mpangilio wa kutenganisha vifaa hata kwenye mtandao wa kawaida, kwa kawaida huitwa AP Isolation, hakikisha umezimwa.

VPN. Hii ni programu inayopitisha mawasiliano ya kompyuta kwenye njia ya siri, kama handaki. Kama kompyuta ni ya kazini na inatumia VPN, inawezekana kila inachotuma kinapelekwa kwenye handaki la VPN, pamoja na kile kilichokuwa kinaenda kwenye printa iliyo umbali wa mita mbili. Ikate kwa dakika moja ujaribu. Ikichapa, tafuta ndani ya programu ya VPN mpangilio wa kuruhusu mtandao wa nyumbani.

Fayawoli, yaani mlinzi wa mlangoni wa kompyuta. Kwenye Windows, angalia kama mtandao wako umewekwa kuwa wa umma. Kwa mtandao wa umma kompyuta hujificha na haivitafuti vifaa vya jirani. Waifai ya nyumbani kwako iweke kuwa Private. Programu za kuzuia virusi nazo huja na fayawoli zao, na baadhi ni kali kuliko inavyotakiwa.

Kisha ruta mbili, na hapa ndipo nilipopotelea. Jioni moja nilihangaika karibu saa tatu nzima. Printa ilikuwa na anwani nzuri, 192.168.1.14. Kompyuta ilikuwa na intaneti ya kasi. Nikafuta draiva, ile programu inayoiwezesha kompyuta kuongea na printa, nikaisakinisha, nikaifuta tena. Kutwanga maji kwenye kinu. Nilikuwa nimeshavaa za kulalia ndipo nikaitazama anwani ya kompyuta: 192.168.0.22. Nilikuwa na ruta iliyokuja na intaneti, na nyuma yake nimechomeka ya kwangu ili mawimbi yafike chumba cha mwisho. Kila moja ilikuwa inagawa anwani zake kivyake. Printa imejiunga na ya nyuma, kompyuta imejiunga na ya mbele, na ruta ya nyuma inafanya kazi yake halali ya kumzuia kila anayebisha kutoka nje.

Dawa ya haraka ni kuziweka printa na kompyuta kwenye ruta moja. Dawa ya kudumu ni kuingia kwenye ruta ya pili na kuigeuza iwe kituo cha kurusha waifai tu, isigawe anwani. Kwenye menyu hilo huandikwa AP Mode. Tangu niigeuze, nyumba nzima ni mtaa mmoja.

Hatua ya 6: Ping inajibu, karatasi haitoki

Sasa tunajua mtandao ni mzima. Kosa liko ndani ya kompyuta.

Kwenye Windows, fungua sifa za printa, yaani Printer properties, halafu kipengele cha Ports. Poti yenye alama ya tiki ndiyo nyumba ambayo kompyuta inapiga hodi. Ikiwa imeandikwa IP, ilinganishe na ile ya karatasi ya hatua ya 3. Kompyuta inapotuma kwa 192.168.1.31 wakati printa imeshahamia 192.168.1.37, hapo umeshaona kwa nini kufuta na kusakinisha kulikuwa kunasaidia kwa muda. Huna haja ya kufuta: ongeza poti mpya ya aina ya Standard TCP/IP Port, andika anwani sahihi, maliza. Draiva inabaki ile ile.

Ikiwa poti inaanza na WSD, kompyuta inategemea printa ijitangaze ili ijue ilipo. Ni rahisi kusakinisha lakini ni njia yenye tabia ya kupotea, na printa za namna hiyo ndizo huandikwa "Offline" huku zikiwa macho. Mimi huzibadilisha zote ziwe za TCP/IP bila kusubiri zisumbue.

Ukiwa hapo, fungua foleni ya uchapishaji na uangalie kama hakuna tiki kwenye "Use Printer Offline". Halafu hesabu printa. Ukiona ile ile imeandikwa mara mbili tatu, mojawapo ikiwa na "Copy 1", huenda siku zote unatuma kwa mzimu. Futa zote isipokuwa yenye poti sahihi. Na uondoe tiki kwenye mpangilio unaoiruhusu Windows ijichagulie printa kuu. Ina mazoea ya kuchagua ile iliyotumika mwisho, hata kama ni ya PDF.

Foleni nayo hukwama. Waraka mmoja ulioharibika unaziba njia na kila unachotuma kinajipanga nyuma yake. Ukijaribu kuufuta unabaki unasema "Deleting" mpaka kesho. Fungua lile dirisha jeusi kwa ruhusa ya msimamizi na uandike net stop spooler. Kisha nenda kwenye folda ya C:\Windows\System32\spool\PRINTERS na ufute mafaili yaliyomo, usifute folda yenyewe. Rudi, andika net start spooler. Nyaraka zote zilizokuwa zinasubiri zitakuwa zimepotea, kwa hiyo zitume upya, moja moja, tena mara moja kila moja. Aliyebofya mara kumi kwa hasira huja kupata nakala kumi.

Kwenye Mac kazi ni fupi zaidi. Fungua foleni kwanza, huenda imesimamishwa tu na inahitaji kuendelezwa. Ikigoma, shika Control ubofye kwenye orodha ya printa na uchague kuuweka upya mfumo wa uchapishaji. Itafuta printa zote, si hiyo moja, kisha uiongeze upya; ukipewa chaguo la AirPrint, njia ya Apple ya kuchapa bila kusakinisha draiva, lichukue. Kama programu ya mtengenezaji wa printa ndiyo isiyoiona, angalia ruhusa ya Local Network kwenye mipangilio ya faragha. Mac zina ruhusa hiyo tangu macOS 15 ya mwaka 2024, na iPhone tangu iOS 14 ya 2020. Ukiwahi kubofya "usiruhusu" siku uliyoiweka programu, imekaa kipofu tangu siku hiyo.

Simu ni kipimo kizuri pia. AirPrint iko kwenye iPhone tangu 2010, na Android nyingi za sasa zinachapa bila kuongezewa kitu. Simu ikichapa na kompyuta ikashindwa, zote zikiwa waifai moja, acha kuisumbua ruta.

Hatua ya 7: Ifungie printa anwani moja

Ruta hugawa anwani kwa mkopo. Muda ukiisha, au umeme ukikatika na kurudi, printa inaweza kupewa nyingine. Ndiyo maana ya ule mzunguko wa wiki mbili mbili.

Ingia kwenye ukurasa wa ruta kupitia kivinjari. Anwani yake ndiyo ile ipconfig inayoiita Default Gateway. Tafuta sehemu ya DHCP, yaani ya kugawa anwani, na humo sehemu ya kuhifadhia anwani. Kwenye ruta tofauti huandikwa Address Reservation au Static Lease. Weka ile anwani ya MAC uliyoitunza, weka anwani ya IP unayotaka printa iwe nayo, hifadhi, kisha zima na uwashe printa. Hakikisha unatumia MAC ya waifai. Printa yenye tundu la waya wa mtandao ina MAC mbili, na wengi huchukua ile siyo.

Kuna watu huandika anwani ya kudumu ndani ya printa yenyewe badala ya ruta. Inakubali, ila ruta haijui kwamba namba hiyo ina mwenyewe na inaweza kumpa mtu mwingine. Siku simu ya mgeni itakapopewa anwani ya printa yako utaona vituko. Ukilazimika, chagua namba iliyo nje ya zile ambazo ruta inagawa: kama inagawa kuanzia 192.168.1.100 hadi 192.168.1.200, ipe printa 192.168.1.50.

Baada ya hapo rudi kwenye poti ya hatua ya 6 na uhakikishe kompyuta inatuma kwenye anwani hiyo hiyo. Iandike na kwenye kikaratasi, ukibandike chini ya mfuniko wa printa.

Ikibaki na ubishi

Printa zingine hulala usingizi mzito na kuachia waifai. Dalili yake ni kwamba asubuhi haionekani, ukibonyeza kitufe chake chochote inaonekana. Ongeza muda wa kulala kwenye menyu, au uzime kabisa huko kulala kama inaruhusu. Sasisha pia programu ya ndani ya printa kupitia ukurasa wake, na usithubutu kuizima kabla haijamaliza.

Kuirudisha printa kwenye hali ya kiwandani ni njia halali, ila iache iwe ya mwisho, kwa sababu inafuta jina la waifai na nywila na unaanza hatua ya 4 upya. Wakati mwingine ni sawa kabisa: mipangilio iliyobaki ya ruta mbili zilizopita haikusaidii.

Na kama printa ina tundu la waya wa mtandao, mimi nisingepoteza jioni ya pili. Ichomeke kwenye ruta kwa waya. Kompyuta na simu zitaendelea kuitumia kwa waifai kama kawaida, maana kwao hakuna kinachobadilika ila ile anwani, ambayo utaihifadhi upya kwa MAC ya pili. Yangu iko hivyo sasa, imewekwa kwenye rafu moja na ruta, na waya wenyewe hauzidi nusu mita.